Mpigaji Aliyehesabu Migongo

Kasoli, jioni

Kabula mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga kana kwamba Maswa watu hawali. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na mabasi ya kuaminika ameshakupa, na asubuhi atakupa tena, kwa hiyo mimi siongezi hata moja. Nina jambo langu jingine. Mdomo wangu umelikataa kwa miaka kumi na mbili, basi nimeona niipe kalamu ijaribu.

Kesho sitakusindikiza stendi. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Saa nne asubuhi, wakati wewe uko njiani, kijiji kinakutana kumjadili Nyanzobe, mjane wa mzee Jilala. Unajua wanachotaka. Wakubwa wanasema ahame. Vijana wengine wanasema kuhama hakutoshi, na nimewasikia wakisema hivyo huku wakicheka. Wanadai ameurithi uchawi wa ngoma ya mumewe, ile iliyomuua baba yako mdogo Shija. Hata wewe umekua ukiamini hivyo. Ulipokuwa darasa la tatu ulikuwa unazunguka mbali usipite karibu na ua wa minyaa wa mji wao, na mimi baba yako nilikuwa nakuona na kunyamaza.

Ngoma ya Jilala haikumuua Shija. Mimi ndiye niliyemwondoa Jilala kwenye mstari, na mdogo wangu akafa kwa sababu hiyo. Kesho nitasimama mbele ya watu niseme hivyo. Sijui watanifanya nini, wala sijui mama yako ataenda na uso gani kisimani. Ila sikutaka uyapate haya kwa watu wa kwenye basi.

Unajua kwamba nilikuwa manju wa kikundi cha kulima, ila hukuniona nikiwa kwenye ubora wangu, na ni hasara yako, maana nilikuwa kitu cha kutazamwa. Tulikuwa majembe kumi na tisa. Mtu mwenye shamba anatuita, tunafika na ngoma alfajiri, tunajipanga mstari mmoja, na majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Mimi natembea mbele kinyumenyume nikiwatazama, natunga na kuimba, nao wanaitikia. Nilikuwa natunga papo hapo. Namtania mwenye shamba kwa ubahili wake, namtania Shija kwa wachumba wanaomkimbia, na kabla watu hawajamaliza kucheka ekari imekwisha. Wanawake walikuwa wanaacha kuni njiani waje kunisikiliza. Mama yako naye aliacha kuni, ingawa leo hakubali.

Nyuma ya mstari alikaa Jilala na ngoma yake. Mguu wake mmoja ulikuwa umekauka tangu utotoni, hakuweza kulima. Alikuwa na kigoda. Mstari ukisogea hatua kumi, anainuka, anachechemea na kigoda chake, anaketi tena, anapiga. Hakuna aliyemtazama. Mimi mwenyewe nilimhesabu pamoja na vibuyu vya maji.

Siku moja nilimuuliza kwa nini wakati mwingine anapunguza mwendo katikati ya wimbo wangu mzuri. Nilikuwa nimekasirika, maana alikuwa ameniharibia ubeti. Akaniambia, "Manju, wewe unaona nyuso. Uso unaimba tu. Mimi naona migongo, na leo mgongo wa tano kutoka kushoto unahema vibaya. Nampigia yule." Nikamwambia kwamba tuna watu kumi na tisa, hatuwezi kulima kwa mwendo wa mmoja. Akacheka kidogo, akasema, "Mbona kila siku mnalima kwa mwendo wa mmoja na hamjui?"

Sikuelewa. Nilidhani mzee anajitafutia ukubwa.

Mwaka uliofuata tulialikwa Mwanza kucheza kwenye sherehe, na huko ndiko nilikoharibika. Baada yetu ilipiga bendi ya matarumbeta, watu wengi wamevaa sare na vifungo vya dhahabu. Mbele yao alisimama mtu mmoja mwenye glavu nyeupe na kifimbo. Akikiinua, wanapuliza wote, akikishusha, kimya. Watu walimpigia yeye makofi. Niliporudi Kasoli nilichonga fimbo, nikanunua na filimbi. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamwona hana akili. Haikunijia hata kidogo kwamba katika bendi nzima ile, mtu pekee ambaye hakutoa sauti yoyote alikuwa yule mwenye kifimbo. Sauti zote zilikuwa za wengine, naye alikuwa anazisikiliza. Mimi nilikuwa nimeleta nyumbani fimbo, na usikivu nimeuacha Mwanza.

Hiyo ilikuwa misimu ya mwanzo ya makampuni kuruhusiwa kununua pamba. Tangu nizaliwe nilikuwa najua mnunuzi mmoja tu, ushirika, na ghafla kila wiki linakuja lori la rangi nyingine, na mtu mwenye shati jeupe anatuambia mambo yamebadilika, sasa ni ushindani, sasa ni kasi. Tulilipenda neno hilo. Mnunuzi mmoja akaamua kulima mwenyewe, akachukua eneo kubwa la mbuga upande wa lambo, na msimamizi wake akatuita. Alikuwa kijana mpole, hakupiga kelele. Siku ya kwanza alipita nyuma ya mstari, akaja mbele kwangu.

"Manju, nimeambiwa nipate majembe ishirini. Naona kumi na tisa na mtu mmoja amekaa. Yule anafanya nini?"

"Anapiga ngoma."

"Ngoma inalima?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Kabula. Ningeweza kusema mengi, maana maneno ndiyo kazi yangu, lakini nilicheka kwa sababu nilitaka yule kijana anione mtu wa kisasa. Jioni ile nikamfuata Jilala nikamwambia akae nyumbani kwanza, nafasi yake nitampa kijana mwenye nguvu, na mwendo nitaushika mwenyewe kwa filimbi.

Hakubishana. Alikuwa anaifunga ngoma yake kwa kipande cha turubai. Akasema, "Sawa, manju. Ila Shija bado ana kile kikohozi. Mwangalie mgongo."

Nikamjibu kwamba Shija ana nguvu kumshinda yeye na mguu wake. Ndivyo nilivyomjibu mtu mzima, rika la baba yangu.

Siku mbili za kwanza tulilima kama moto. Msimamizi alikuwa anapima kwa hatua na kutikisa kichwa kwa furaha. Nikiona mstari unalegea napuliza filimbi, nainua fimbo, unakaza. Nilifikiri nimegundua kitu ambacho mababu walikikosa.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, msimamizi alikwenda kula. Hapakuwa na upepo. Hata nzi waliokuwa wakitufuata walikuwa wametulia. Nilikuwa katikati ya ubeti nilipohisi kitu kwenye nyayo, kabla hakijafika masikioni. Ilikuwa ngoma. Ilikuwa inapigwa chini, ndani ya ile ardhi nyeusi, taratibu kwanza, halafu ikashika kasi ya filimbi yangu na kubaki hapo. Nikageuka kutazama nyuma ya mstari nikitegemea kumwona Jilala amerudi kwa ubishi. Palikuwa na vibuyu vya maji tu.

Nilipogeuka tena niliona kwamba hakuna anayeniitikia. Midomo yote imefungwa, macho yote yako kwenye udongo, na majembe yanashuka kwa pamoja kuliko nilivyowahi kuona. Nikanyamaza ili waone nimenyamaza. Hawakuona. Nikapuliza filimbi ya kupumzika, mara moja, mara mbili. Hakuna kichwa kilichoinuka. Nikasimama palepale, na mstari ukanifikia, ukaachana kidogo kunipisha, ukakutana tena nyuma yangu. Jasho lao lilinirukia. Watu niliokula nao tangu utoto walinipita kama kisiki.

Wakafika mwisho wa shamba, kwenye mkonge wa mpaka, hawakusimama. Wakalima kupitia katikati ya mkonge. Wakaingia kwenye njia ya ng'ombe, ardhi ngumu kama saruji, majembe yakawa yanatoa cheche, na bado yanashuka kwa pamoja. Nikawakimbilia mbele nikiwaita majina, mmoja mmoja, majina yao na ya mama zao. Nilipofika jina la Shija ndipo nilipogundua kwamba hayupo.

Nikarudi nikifuata matuta. Tuta la Shija lilikuwa limenyooka vizuri, alikuwa na mkono safi mdogo wangu, halafu likakatika. La jirani yake wa kushoto lilikuwa limepinda kidogo kwenda pembeni, na la kulia vilevile, na mbele kidogo yakarudi yakaziba nafasi yake. Pale katikati yalipoachana alikuwa amelala kifudifudi. Walimlimia pembeni, Kabula. Walipita wote na hakuna aliyevunja mwendo.

Nilimgeuza. Sitakuandikia uso wake. Alikuwa anakubeba kwenye baiskeli mpaka shuleni huku akipiga miluzi, umkumbuke hivyo.

Nikiwa nimemshika nikamwona Jilala anakuja kwa njia ya ng'ombe, ngoma begani, anachechemea kwa haraka ambayo sikujua mguu ule unaiweza. Aliweka ngoma chini, akapiga mara mbili polepole, akasubiri. Akapiga mara mbili tena. Mbele kule majembe yakapungua, yakapungua, yakalala. Kisha nikasikia watu wanaulizana kwa sauti za kawaida kabisa, "Mbona tuko huku?"

Jilala akamtazama Shija, akaniambia, "Nilikuwa nyumbani nayasikia majembe. Yalikuwa yanakimbia. Halafu moja likakosekana." Kutoka kwake mpaka lambo kuna mabonde mawili. Baadaye, kwa siri, nilimwomba mtu alime pale nami nikasimama kwenye mji wa Jilala. Hakisikiki kitu.

Sasa nakuandikia sehemu mbaya zaidi. Unaweza kudhani mbaya ni hiyo iliyopita, lakini mtu anaweza kukosea kwa ujinga na akasamehewa. Watu walikuja wakijaza njia, wakakuta maiti, na kando ya maiti mlemavu mwenye ngoma niliyemfukuza kazi siku tatu zilizopita. Wenzangu wote walikuwa wanasema walisikia ngoma mchana kutwa. Mzee mmoja wa nzengo, yaani wa majirani zetu wa mtaa huu, akaniita mwana wa Sayi mbele ya wote, akaniuliza, "Ng'wana Sayi, wewe ndiye manju. Na wewe uliisikia?"

Nikasema, "Niliisikia."

Basi. Neno moja, na lilikuwa kweli. Sikusema kwamba niliisikia kabla Jilala hajafika. Sikusema kwamba nilipuliza filimbi mpaka Shija akapasuka kifua, na kwamba yule mzee alinionya mgongo wa nani niuangalie. Jilala alikuwa amesimama mbele yangu hatua mbili. Alinitazama, akasubiri kidogo kama aliyempa mwimbaji nafasi ya kumalizia ubeti. Nikainama.

Waliichoma ngoma pale pale. Kikundi kilikufa siku ile. Jilala wakamtenga, hakuna aliyemsaidia kuezeka, hakuna aliyekula kwake, na akifika kwenye pombe ya kienyeji watu walikuwa wanakumbuka shughuli nyingine. Mkewe akawa anachota maji baada ya wote kuondoka. Masika iliyopita Jilala alifariki, na waliomzika ni mkewe na ndugu zake wawili waliokuja kutoka Nyalikungu. Mimi nilikaa ndani siku ile nikatengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika.

Tangu azikwe, watu wanaolima upande wa lambo wanasema jua likifika utosini wanaisikia. Ndiyo sababu ya mkutano wa kesho. Sitawaambia ni waongo. Wiki iliyopita nilikwenda kupalilia peke yangu, na ilianza kwenye nyayo, kama zamani. Nilipozinduka nilikuwa nimeshavuka mpaka wangu, niko kwenye mahindi ya jirani, na viganja vinatoka damu. Hakuna mjane anayepiga kitu kile. Nadhani ni mwendo wangu mwenyewe ule, nilioupuliza kwa filimbi, haukupata mtu wa kuusimamisha ndani yangu. Lakini mimi si mganga, na ukiniuliza zaidi nitakuambia naogopa.

Uliniambia kwamba meneja wako mpya kule kiwandani Maswa amekupa zamu ya watu ishirini na tano, na kabla hujajua hata majina yao anataka karatasi ya majina ya wale wa ziada. Ukaniambia kwa kucheka habari ya mzee mmoja anayekaa karibu na mashine ya kuchambua pamba na kikopo cha grisi, anasinzia, hujui anafanya nini pale. Nilicheka na wewe mezani, halafu nikaenda nje peke yangu. Kabula, kabla hujaandika jina la mzee yule, kaa naye kutwa nzima kwenye benchi lake. Usimuulize kazi yake, maana huenda hata yeye hajui kuisema. Jilala hakujua kuisema kwa watu wa mashati meupe. Kaa tu, utazame anachokitazama, usikie anachokisikia. Ukimaliza siku na bado hujaona kitu, kaa na ya pili.

Na siku utakapotoa amri ya kupumzika na hakuna atakayeinua kichwa, usijisifu kwamba umewafundisha kuchapa kazi. Zima mashine. Hesabu watu. Nitakufundisha kitu gani kingine, mimi ambaye nilikuwa naimba vizuri tu? Nilidhani kuongoza ni kuwa na sauti inayosikika mpaka mtu wa mwisho. Nimekuja kujua uzeeni kwamba ni yule wa mwisho ambaye sauti yake, hata akihema tu, inatakiwa ifike kwako. Meneja wako hatakuambia hivyo, na pengine utakosana naye. Nakuomba ukosane naye mapema, wakati bado wote wako kwenye mstari.

Leo mchana, wakati wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi, nilikwenda kwa Nyanzobe. Sikutaka ayasikie kesho pamoja na watu. Alikuwa ameketi kivulini kwa nyumba anachambua mboga za kunde.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa kilugha chetu.

"Mwadila. Keti kwanza, umekuja na jua."

Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu kicheko changu mpaka neno lile moja. Aliendelea kuchambua majani, mabua huku, mboga huku. Nilipomaliza alipangusa mikono kwenye kanga yake.

"Najua," akasema. "Jilala aliniambia jioni ileile."

Nikamuuliza kwa nini basi walikaa kimya, miaka yote hiyo, wakati wanatengwa, wakati ngoma inachomwa, wakati mjane hana wa kumshikia jembe kaburini.

"Mimi nilitaka kusema. Kila mwaka nilitaka kuja mlangoni kwako nipige kelele. Alinikataza. Kila mwaka alinijibu vilevile. Alikuwa anasema, 'Mwache Maduhu. Yule ndiye wa mwisho kwenye mstari. Tukimharakisha ataanguka.'"

Ndipo nilipoketi, Kabula. Nililia mbele ya mwanamke yule kama mtoto, naye akanisogezea maji. Jilala alikuwa hana ngoma, hana jirani, na bado alikuwa ananipigia mimi polepole, akisubiri nifike. Amekufa akisubiri.

Kesho saa nne nitafika.

Ni mimi niliyekuzaa na kukuficha ukweli,
baba yako, Maduhu